Mwachie Mwenzako Nafasi: Ushuhuda wa Mwamuzi Kabla ya Msimu

Msimu mpya wa ligi yetu ya mbio za magari mtandaoni unakaribia kuanza, na mimi ni mmoja wa waamuzi wake watatu. Naishi Mombasa. Mwenzangu mmoja yuko Dar es Salaam, wa tatu yuko Muscat. Madereva wetu wametapakaa Nairobi, Arusha, Kampala, Zanzibar na Kigali, na wachache wako Uingereza na Ujerumani walikokwenda kusoma au kufanya kazi. Jumapili usiku, watu wakishaswali isha na watoto wakishalala, kila mmoja huketi nyuma ya usukani wake chumbani, na sote hukutana kwenye uwanja mmoja.

Wiki hizi za kabla ya raundi ya kwanza ndizo zenye kazi kubwa kwetu. Wengi hudhani kazi ya mwamuzi huanza magari mawili yakigongana. Katika mbio za mtandaoni huanza mapema zaidi: seva ikae mji gani, kalenda ifunguliwe na uwanja upi, pointi zihesabiwe vipi, sheria ya kupitana iandikwe kwa maneno gani. Mambo hayo yakienda kombo mwanzoni, hakuna hukumu ya baadaye itakayoyanyoosha. Na kila tunachoamua kinarudi kwenye ukweli mmoja ambao ningependa kila dereva mpya aujue kabla hajagusa kanyagio: gari unaloliona ubavuni mwako si gari lenyewe. Ni makisio ya kompyuta yako kuhusu mahali gari hilo lilipo.

Tunaendesha Assetto Corsa Competizione, programu ya Kunos Simulazioni ya Italia iliyotoka rasmi mwaka 2019. Imejengwa juu ya magari ya mbio ya daraja la GT3, yale yale ya mashindano ya GT World Challenge, na viwanja vyake vimepimwa kwa leza, hata mawimbi madogo ya lami unayasikia mikononi. Tuliichagua pia kwa sababu ligi ndogo inaweza kukodi seva yake yenyewe na kupanga mambo yake, kuanzia mvua na saa ya kuanza hadi kilo za uzito anazoongezewa mshindi wa raundi iliyopita.

Sasa nieleze makisio hayo yanatoka wapi. Kompyuta yako inajua kila kitu kuhusu gari lako, kwa sababu inalikokotoa yenyewe. Kuhusu magari ya wenzako haijui ila inachoambiwa. Kila gari hutuma taarifa zake kwenye seva mara nyingi kwa sekunde: niko hapa, kasi yangu ni hii, naelekea kule. Seva nayo huzisambaza kwa wengine. Muda wa taarifa kwenda kwenye seva na kurudi ndio tunaouita pingi. Mimi nikiwa Mombasa na seva ikiwa Frankfurt, pingi yangu kwa kawaida huwa karibu milisekunde 150. Dereva mwenzangu wa mtaa wa pili naye ni hivyo hivyo. Basi taarifa ya gari lake, ili inifikie mimi, lazima kwanza iende Ujerumani, kisha irudi Mombasa: milisekunde 75 za kwenda na 75 za kurudi. Nyumba zetu zimetengana kwa mwendo wa miguu, lakini uwanjani kuna bara zima kati yetu.

Gari linalokwenda kilomita 250 kwa saa hukata karibu mita 70 kila sekunde. Katika milisekunde 150 limeshasogea zaidi ya mita 10, yaani zaidi ya urefu wa magari mawili ya GT3. Kama kompyuta ingekuonyesha taarifa vile zilivyofika, ungemwona mwenzako yuko nyuma ya pale alipo kwa mita hizo zote, na kushindana naye kusingewezekana. Kwa hiyo kompyuta inakisia: ikiwa alikuwa pale, na kasi yake ilikuwa ile, basi sasa atakuwa hapa.

Kwenye sehemu iliyonyooka makisio hayo yanakaribia sana ukweli, kwa maana gari lenye kasi na mwelekeo usiobadilika si gumu kulikisia. Shida inakuja pale dereva anapobadilisha nia. Akikanyaga breki kwa nguvu, kompyuta yako bado inaamini kwamba anakwenda. Pingi ikiwa tulivu kosa ni dogo; kwa milisekunde 150 huwa kama sentimita 20 hivi. Lakini intaneti ikiyumba na taarifa zikapotea kwa nusu sekunde, kosa hilo hufika mita mbili, kisha habari mpya inaingia na gari linarudishwa mahali pake kwa ghafla. Wewe uliye nyuma unaliona gari la mbele likikurukia usoni. Naye aliye mbele, ambaye skrini yake haijapata habari kwamba nawe umeshika breki, anakuona ukimwingia bampa.

Ndiyo maana waamuzi tuna msemo wetu kuhusu mtandao: afadhali pingi ya 150 iliyotulia kuliko ya 60 inayorukaruka. Dereva wa mbali mwenye intaneti thabiti unaweza kumzoea na kuendesha ubavuni mwake kwa amani. Dereva wa karibu ambaye intaneti yake inapigwa na sinema za nyumba nzima ni hatari kwa wote. Msimu huu, kabla ya mtu kukubaliwa, tutaangalia utulivu wa pingi yake kwa usiku mzima wa mazoezi, na tutamshauri jambo ambalo halina gharama kubwa: achomeke waya kutoka kwenye ruta badala ya kutegemea Wi-Fi, na awaombe watu wa nyumbani wasubiri kidogo saa ile ya mbio.

Sheria mpya ya msimu huu imezaliwa na kesi moja ya Monza. Mwishoni mwa ile njia ndefu ya mbele ya majukwaa, GT3 inashuka kutoka zaidi ya kilomita 250 kwa saa hadi mwendo mdogo wa kuingia kona mbili za kubana. Dereva wa Nairobi alikuwa mbele, wa Zanzibar akimfuata. Yule wa mbele akazunguka, akapoteza nafasi zake zote. Malalamiko yakaja: "Mwamuzi, tazama mwenyewe, kanigonga mchana kweupe." Jibu la mwenzake likawa fupi: "Kaka, wallahi sikumgusa."

Tukaomba video za pande zote mbili. Marudio ya mbio hurekodiwa kwenye kompyuta ya kila dereva, na huhifadhi kile ambacho kompyuta hiyo iliona. Katika video ya Nairobi, pua ya gari la nyuma inaingia wazi kwenye bampa na gari la mbele linazunguka. Katika video ya Zanzibar kuna mwanya kati ya magari hayo, na gari la mbele linazunguka bila kuguswa na kitu. Hakuna aliyekuwa anadanganya. Kila mmoja alisema kweli kuhusu alichokiona, na zile kweli mbili hazikupatana.

Kwa kanuni za wakati huo hatukuwa na haki ya kumwadhibu yeyote, na hatukumwadhibu. Lakini mtu mmoja alikuwa amepoteza mbio zake bila kosa, na jibu la kwamba mtandao ndio uliosababisha halikumpa faraja yoyote. Waamuzi tulilizungumza jambo hilo kwa siku nyingi. Tukakubaliana kwamba ikiwa macho ya dereva hayawezi kuaminika kwa sentimita za mwisho, basi sheria lazima imtake aziache sentimita hizo. Watu husema ajali haina kinga. Ajali ya namna hii inayo, na kinga yake ni nafasi.

Kwa hiyo msimu huu kanuni ya kupitana inasema hivi. Gari likiwa ubavuni mwako mnapoingia kona, unaliachia upana wake mzima na nusu mita juu yake. Mbio za kawaida hutaka upana wa gari moja tu. Sisi tumeongeza nusu mita kwa sababu tunajua makisio hukosea kwa kiasi gani. Pili, unapopiga breki hubadilishi njia yako kumzuia aliye nyuma, maana hilo ndilo badiliko ambalo kompyuta yake italijua kwa kuchelewa. Tatu, anayefuata ndiye mwenye mzigo mkubwa zaidi. Ikiwa hajaamua kupita, apige breki mapema kidogo au asogee pembeni ili pua ya gari lake isielekee moja kwa moja kwenye bampa la mwenzake. Video ya gari la mbele ikionyesha mguso mahali pa kupigia breki, haitatosha tena aliye nyuma kusema kwamba kwake hakuona mguso. Tutatazama kama aliacha nafasi ya kosa. Akiwa aliiacha, hana hatia. Akiwa hakuiacha, ana hatia hata kama video yake ni safi.

Wapo madereva waliopinga. Hoja yao ni kwamba mbio zitapoa, kila mtu ataogopa kusogea. Naiheshimu hoja hiyo kwa sababu inatoka kwa watu wanaopenda mchezo. Lakini nilichokiona miaka hii ni kinyume chake. Madereva wawili wanaoaminiana hukaa ubavu kwa ubavu kona tatu, nne, tano mfululizo, na hakuna kinachopendeza kutazama kuliko hicho. Wasioaminiana wanamalizana kona ya kwanza. Hofu ndiyo inayopoozesha mbio, na hofu huisha mtu akijua kwamba mwenzake atamwachia nafasi.

Kuna jambo jingine linalofanya sheria hii iwe ya lazima kwetu watu wa Afrika Mashariki. Mchezo wa magari tuliokulia nao ni Safari Rally. Ulianza mwaka 1953 ukipita Kenya, Uganda na Tanganyika, ukatoka kwenye ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002, ukarudi mwaka 2021 pale Naivasha. Mabingwa tuliosimuliwa na wazee wetu ni kina Joginder Singh, aliyeshinda mwaka 1965, 1974 na 1976, na Shekhar Mehta aliyeshinda mara tano. Rally ni mchezo wa mtu na saa. Gari huondoka peke yake, vumbi likatulia, lingine likafuata. Ujasiri wake ni wa kukabili barabara, matope, mawe na mifugo. Kona moja kugombaniwa na magari mawili kwa wakati mmoja ni kitu tulichokizoea kwenye televisheni, si kwenye mikono yetu.

Ninaliona hilo kila msimu kwa madereva wapya. Wana kasi ya ajabu wakiwa peke yao, wanadhibiti gari linaloteleza vizuri kuliko watu wengi wa Ulaya ninaowatazama. Ukiwaweka wawili pamoja, hawajui nani ana haki ya kona. Si ukaidi, hawajawahi kufundishwa. Kijana wa Italia au Uingereza huanza na magari madogo ya karti akiwa mtoto, na hapo hujifunza kupisha na kupishwa kabla hajajifunza hesabu za kugawanya. Kwa madereva wetu wengi, Jumapili yetu ndiyo shule ya kwanza ya jambo hilo. Ndiyo maana msimu huu tumeweka usiku wa mafunzo kabla ya mashindano, ambapo madereva wanaendesha wawili wawili, mizunguko mingi, bila pointi na bila mshindi. Mmoja anakaa ndani, mmoja nje, kisha wanabadilishana. Anayeshindwa kukaa ubavuni mwa mwenzake usiku ule hapati namba ya gari hadi aweze.

Swali la seva ndilo lililotuchukua muda mrefu kuliko yote. Misimu ya nyuma ilikuwa Frankfurt, kwa sababu seva za kukodi za huko ni rahisi kupatikana na bei yake inavumilika. Lakini umbali hauna bei ya kuupunguza. Mwanga ndani ya nyuzi za faiba husafiri karibu kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka pwani yetu hadi Frankfurt, hata ukipiga mstari ulionyooka, ni zaidi ya kilomita 6,000, na nyaya za baharini hazinyooki: zinazunguka kupitia Bahari ya Shamu, zinapita Misri, zinavuka Mediterania. Kwa hiyo hakuna kifurushi cha intaneti, hata kiwe ghali namna gani, kitakachoshusha pingi hiyo chini ya milisekunde 60. Johannesburg iko karibu nusu ya umbali huo. Siku njema, tukiwa Mombasa, Nairobi au Dar, tunaipata kwa milisekunde kati ya 50 na 70. Rudi kwenye hesabu ya kilomita 250 kwa saa: zile mita 10 zinazokisiwa zinapungua hadi nne na kitu, chini ya urefu wa gari moja.

Vijana wanaolalamikia pingi huwa nawakumbusha tulikotoka. Kabla ya mwaka 2009 pwani ya Afrika Mashariki haikuwa na waya wa faiba wa baharini. Intaneti ilipanda hadi kwenye setilaiti zilizo kilomita karibu 36,000 juu ya dunia na kushuka tena, na jibu lilichukua zaidi ya nusu sekunde. Kwa pingi hiyo hakuna mashindano ya magari yanayowezekana. Kisha ukaja Seacom, ukaja TEAMS unaotoka Fujairah hadi Mombasa, wote mwaka 2009, na EASSy mwaka 2010. Ligi kama yetu ni mtoto wa nyaya hizo.

Na mtoto huyo hurithi udhaifu wa wazazi wake. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na Seacom zilikatika baharini upande wa Afrika Kusini, na Kenya, Tanzania, Uganda na majirani wakakaa na intaneti dhaifu kwa siku kadhaa. Hiyo ndiyo njia hasa ya kwenda Johannesburg. Kwa hiyo hatukuweza kuihamishia seva huko na kujiona tumemaliza. Tumeamua kwamba raundi sita zitaendeshwa Johannesburg na mbili Frankfurt, na kila Jumapili seva ya mji wa pili itakuwa tayari imeshapangwa, ili nyaya zikikatika saa mbili kabla ya mbio, tuhame bila kuahirisha. Kalenda ina pia Jumapili moja tupu ya akiba katikati.

Zile raundi mbili za Frankfurt ni kwa heshima ya wenzetu wa Ulaya, ambao Johannesburg inawaweka mbali. Wamekuwa wakiamka mapema kwenda kazini siku inayofuata kama sisi, na wamekuwa wakilipa ada kama sisi. Haikuwa haki wabebe mzigo wa umbali msimu mzima. Tukachagua kwa raundi hizo viwanja vyenye nafasi pembeni, Silverstone na Paul Ricard, mahali ambapo gari likisukumwa nje linaweza kurudi bila kuvunjika. Ikiwa walio wengi watakuwa na pingi kubwa usiku huo, basi angalau uwanja uwasamehe.

Kalenda yote tumeipanga kwa kufuata mantiki hiyo hiyo. Tunafungua Kyalami, kati ya Johannesburg na Pretoria, kilomita nne na nusu za kupanda na kushuka. Ni uwanja wa Afrika, una historia ya mbio za saa 9, na raundi yake itaendeshwa kwenye seva ya Johannesburg, kwa hiyo usiku wa kwanza walio wengi watakuwa katika hali yao bora. Barcelona na Suzuka zinafuata baada ya raundi za Frankfurt. Spa, yenye kilomita 7, inakuja wakati madereva wameshazoeana. Monza tumeisogeza hadi raundi ya saba. Zamani ilikuwa ya pili kwa sababu kila mtu anaipenda, na kila mara kona zake za kwanza zilikusanya madereva wasiojuana na kuwagonganisha. Tunafunga na Mount Panorama ya Australia: kuta pande zote, njia nyembamba, mlima wenye tofauti ya mita 174 kati ya chini na juu. Huko hakuna pa kukimbilia. Ni dereva aliyejifunza kuacha nafasi msimu mzima ndiye atakayeshuka mlima ule salama.

Katika raundi nane, kila dereva atahesabiwa sita bora. iRacing, huduma ya Marekani ya mbio za mtandaoni iliyoanza mwaka 2008, hufanya vivyo hivyo: misimu yake huwa ya wiki 12, na katika mifululizo mingi wiki 8 bora ndizo zinazobaki. Kwao sababu ni kwamba si kila mtu ana nafasi kila wiki. Kwetu sababu ni stima. Tarehe 25 Agosti 2023 karibu Kenya nzima ililala gizani, na tarehe 1 Aprili 2024 ikawa zamu ya Tanzania, bila kutaja zile saa chache za mtaa mmoja ambazo hakuna anayeziandika. Dereva ambaye skrini yake imezimika akiongoza hajashindwa na mtu. Kumpa sifuri na kuiacha imwandame hadi mwisho ni kumwadhibu kwa mahali anapoishi. Raundi mbili za kusamehewa hazimalizi dhuluma hiyo, lakini zinaipunguzia makali.

Asidhani mtu kwamba matatizo haya ni ya wanyonge peke yao. Juni 2020, mbio halisi za Le Mans zilipoahirishwa kwa sababu ya korona, ziliendeshwa za mtandaoni: magari 50, madereva 200, dunia nzima ikitazama. Januari 2023, katika mbio kama hizo, waandaaji walilazimika kusimamisha mashindano mara mbili kwa sababu ya hitilafu za seva, na Max Verstappen, wakati huo bingwa wa dunia wa Formula 1, aliondolewa na mtandao akiwa anaongoza. Alikasirika hadharani, na nilimwelewa. Nilichojifunza kwake ni kwamba fedha hununua seva kubwa, lakini uchungu wa kuzimikiwa ukiwa mbele ni ule ule Monaco na Magomeni.

Jambo la uaminifu nalo tumeliandikia kanuni. Mei 2020, Daniel Abt, wakati huo dereva wa Formula E, alimweka kijana mtaalamu wa mbio za mtandaoni aendeshe mbio hizo kwa jina lake. Aligunduliwa, akafutiwa matokeo, akatozwa euro 10,000 ziende kwa hisani, na timu yake ya Audi ikamsimamisha. Nalisimulia tukio hilo kwa madereva wapya ili waone kwamba jina lililoandikwa juu ya gari lina uzito, hata kama gari lenyewe ni picha. Kwetu kuna ndugu wanaotumia usukani mmoja kwa zamu, na hilo halina ubaya wowote. Kila mmoja ajisajili kwa jina lake na kuendesha kwa jina lake. Katika raundi mbili za mwisho kila dereva ataweka kamera inayoonyesha mikono yake.

Kuhusu vifaa sitasema mengi, kwa sababu watu hutishwa navyo bure. Kompyuta yenye nguvu inahitajika, na hiyo ndiyo gharama halisi. Usukani unaweza kuwa Logitech G29 uliotumika, uliokazwa kwa vibano kwenye meza ya kulia chakula. Tuna dereva wa Kampala anayeendesha hivyo, na kwa usahihi wa breki hakuna anayemzidi kati ya wenye vifaa vya bei kubwa. Ninachokitazama kwa dereva ni kama nyakati zake za mzunguko zinafanana. Mwenye nyakati zinazofanana anatabirika, na anayetabirika hata kompyuta ya mwenzake inamkisia sawasawa.

Kesi zetu msimu huu zitafuata utaratibu ambao kila dereva amekwisha kusomewa. Malalamiko hayapokelewi usiku wa mbio. Damu ikiwa bado ya moto, mtu huandika maneno ambayo kesho yake hayataki. Yanapokelewa kuanzia Jumatatu jioni, na video ya mlalamikaji peke yake haitoshi. Mwenziwe ana siku moja ya kuleta ya kwake. Mwamuzi anayetoka mji mmoja na dereva yeyote kati ya hao wawili hukaa kando. Uamuzi unaandikwa kwa Kiswahili, pamoja na sababu zake, na kila dereva wa ligi anausoma. Sababu ndizo muhimu kuliko adhabu. Sekunde 10 zilizoongezwa bila maelezo huzaa kinyongo. Sekunde 10 zilizoelezwa humfundisha hata yule ambaye hakuhusika.

Baadhi ya watu wa nyumbani huniuliza kwa nini natumia usiku wangu kutazama magari ya kwenye skrini yakigusana kwa sentimita chache. Nawajibu kwamba magari ni ya skrini lakini watu ni watu. Yule wa Nairobi aliyezungushwa Monza alikuwa amefanya mazoezi wiki nzima baada ya kazi. Yule wa Zanzibar aliyeshutumiwa alikuwa ameumia moyo kuitwa mchafu mbele ya wenzake. Kuwapa wote wawili haki, wakati ushahidi wenyewe unapingana, ni kazi inayostahili usiku wangu.

Na kazi hiyo inahitaji watu zaidi. Waamuzi watatu kwa raundi nane hawatoshi, na nafasi za uamuzi hazihitaji kompyuta yenye nguvu wala usukani: zinahitaji mtu anayeweza kutazama video moja mara nyingi bila kuchoka, asiye na timu anayoipendelea, na anayeweza kuandika sababu zake kwa maneno ambayo aliyehukumiwa atayaelewa. Ukiwa mtu huyo, usiku wa mafunzo uko wazi kwako kama ulivyo kwa madereva. Njoo uketi nasi, utazame wawili wawili wakijifunza kuachiana nafasi, utuambie umeona nini.